Nilivyopata Ushangazi Dukani

Kwetu tulizaliwa wasichana sita mfululizo, bila mvulana hata wa kusingizia. Watoto wa dada zangu wananiita mama mdogo, nami ninawapenda sana, lakini mama mdogo ni cheo cha jikoni. Shangazi ndiye mwenye enzi. Huku Uvira shangazi akiingia arusini watu wanahama viti, na akinuna, arusi nzima inanuna naye. Na shangazi ni dada wa baba, hakuna njia nyingine, kwa hiyo mwanamke asiye na kaka anazeeka bila kuitwa hivyo. Niliutamani ushangazi tangu nikiwa shule ya msingi. Nasema wazi, sioni haya.

Ndiyo maana nilikuwa nikimtazama patroni wangu kwa jicho la pekee. Ni Mhindi, mwenye duka la vitenge pale Mulongwe, lile ambalo rafu za chini hatuzipangii kitu kwa sababu ya mto unaofurika. Nimeuza dukani kwake miaka tisa. Kwao jina la mwanamke haliachwi peke yake. Mwishoni wanalitia neno "ben", yaani dada, kama la mwanamume wanavyolitia "bhai", yaani kaka. Patroni alimtilia ben kila mwanamke aliyevuka mlango, hata muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, aliyekuja kuomba chenji. Wenzangu walicheka tu. Mimi nilijiambia: mtu mzima, mwenye akili zake, ananiita dada kutwa nzima bila kulazimishwa na yeyote!

Madamu, mke wake, akajifungua msichana. Dukani ikawa sikukuu. Tulikula vitamu vya unga wa dengu na samli mpaka vidole vikateleza kwenye vitenge. Mama mzazi wa patroni, bibi kizee mdogo mwenye sauti kubwa, akatueleza utaratibu wao. Mtoto hapewi jina na baba wala na mama. Anayempa ni dada wa baba, siku ya kumi na mbili, na jina analificha moyoni mpaka dakika ile ile. Watoto wanne wanashika pembe za shuka, kichanga kinabembezwa ndani yake, shangazi anainama na kumnong'oneza sikioni. Kinachojulikana mapema ni herufi tu, maana inatoka kwenye kitabu chao cha mwezi na nyota. Safari hii ilikuwa N au Y. Nilishangaa kweli, kwa sababu nilidhani ni sisi tu tunaowapa mashangazi nguvu namna hiyo.

Dada wa patroni anakaa Bujumbura. Ukipanda juu ya nyumba ya patroni unaiona Bujumbura ng'ambo ya maji, imetulia kabisa. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili mpaka wa nchi yetu na yao ukafungwa. Mtandao nao ulikuwa umekwenda tangu jana yake. Tukajaribu laini za huku na za ng'ambo, kimya. Na saa nzuri, kwa kitabu chao, ilikuwa inakwisha saa nne. Shuka limetandazwa, watoto wanne wa jirani wameshika pembe, mtoto amelala humo, shangazi hakuna. Bibi kizee akawa anazunguka chumba akisema na Mungu wake. Patroni anaitazama simu.

Hapo nikasikia mtu akisema, "Patroni, ni weye uliniita dada miaka tisa. Dada yako njo minye. Bembezeni mutoto."

Mtu huyo alikuwa mimi.

Bibi kizee alinitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, akatazama saa ya ukutani, akanisukuma mgongoni. Na pale, nimeinama juu ya shuka, ndipo nilipokumbuka kwamba majina ya Kihindi niliyoyajua ni yale yaliyochapwa kwenye marobota ya vitambaa, na hayo ni ya viwanda. N au Y, N au Y. Kichwa kitupu! Mama yangu, aliyezaliwa Mutarule na kuzikwa Mutarule, jina lake linaanza kwa N. Nikalinong'ona. Kisha nikalisema kwa sauti, watoto wakalipokea kwa vigelegele, na bibi kizee akalitamka mara tatu, polepole, kama anayeonja chumvi.

"Iko muzuri," akasema.

Nilitoka pale miguu haigusi chini. Nilikuwa nimekaribia kwangu Songo ndipo nikasimama ghafla na kuanza kucheka peke yangu barabarani. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anachukua na nafasi ya mtu huyo. Kwa hiyo kichanga kile sasa ni mama yangu. Na patroni, baba yake, ambaye saa tatu alikuwa kaka yangu, saa nne amekuwa babu yangu! Kesho yake nilimsalimu, "Jambo, babu," naye akageuka kutafuta mzee nyuma yake.

Siku mpaka wa nchi ulipofunguliwa, shangazi mwenyewe akafika na hereni ndogo za dhahabu na jina lake moyoni. Alisikiliza habari yote, akaninyooshea kidole, akacheka mpaka akakaa juu ya robota. Alisema sikio la mtoto limekwisha kusikia, jina lake atamtunzia mtoto ajaye. Nilipumua. Lakini hakuniita shangazi, wala hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Patroni aliendelea na ben yake, ile ile aliyompa muuza ndagala, nami nikaanza kuogopa kwamba cheo nilijipa mwenyewe.

Ikabaki etasivili, ofisi ya kuandikisha vizazi. Tulikwenda patroni, madamu na mtoto, na mimi kama shahidi. Karani akaweka karatasi za madamu kando ya fomu ya mtoto, akakunja uso.

"Mama uyu, jina yake ya katikati ni jina ya uyu bwana. Mutoto pia, ya katikati ni jina ya uyu bwana. Sasa beko batoto ba baba moja? Bwana alioa binti yake?"

Madamu akajiziba mdomo kwa mtandio. Patroni akatoka jasho. Nikamweleza karani kwamba kwao mwanamke ana jina lake, kisha la baba, na akiolewa la baba linaondoka, linaingia la mume. Mwisho ni jina la ukoo, ambalo mara nyingi linataja kazi ya mababu. Jina la ukoo wa patroni linasema wao ni wauza vyombo vya shaba, na dukani hatuna hata kijiko. Karani, ambaye kama sisi wengi pale ana ndugu ambao majina yao hayafanani hata kidogo, alitutazama kwa huruma.

"Na iyi ya mbele? Iyi ni jina ya kwetu. Nani alimupa?"

"Minye."

"Weye uko nani kwake?"

"Shangazi."

Akaweka kalamu chini. "Mama, shangazi iko dada ya baba."

"Najua."

Akamgeukia patroni. Patroni angeweza kusema, huyu ni mfanyakazi wangu, na ingekuwa kweli tupu, nami ningerudi kukunja vitenge na kunyamaza maisha yangu yote. Alijifuta jasho na mkono wa shati.

"Iko dada yangu," akasema. "Mukubwa. Andika."

Karani akaandika polepole mahali pa uhusiano, akapuliza wino, akanigeuzia karatasi.

"Shangazi, weka sahihi hapa."

Nikamwambia sikusikia vizuri, arudie.