Bi Kiberiti na shela lililotuna katikati

Saa mbili asubuhi, mwenye duka la nyuzi hajamaliza hata kufungua milango, na mwanamke mmoja mfupi amekwisha kuwasha kiberiti kwenye kaunta yake.

"Mama, utaniunguzia duka!"

"Ungekuwa unauza pamba, ningekuja na kiberiti?"

Kipande cha uzi mweupe kinajikunja, kinatoa moshi mweusi, kisha kinaacha kidonge kigumu. Anakibonyeza kwa ukucha na kusonya. Lebo inasema ni pamba tupu.

"Pamba gani hii inayoyeyuka kama mshumaa?"

Mtaani wanamwita Bi Kiberiti, na jina hilo halimkeri. Yanayomkera ni mengine yote. Amefuma lesi miaka thelathini na mmoja, na mita moja tu humla siku tatu. Kidole gumba kimevimba, mgongo umegoma, na bado watu wanamwuliza kwa nini anachagua uzi kama anayechagua mchumba.

"Mchumba akikosea mtasuluhishwa," anasema. "Uzi ukikosea, nani atausuluhisha?"

Pamba ikiungua hunuka karatasi na kuacha majivu laini. Hiyo ndiyo kipenzi chake, hasa iliyosokotwa ikakaza, kwa kuwa ua huonekana jani kwa jani. Kitani ni kigumu, hukiweka kwa vitambaa vya meza. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na huteleza mkononi. Sufu hataki hata kuisikia. "Inavutika. Unafuma ua, asubuhi unakuta soksi."

Basi mtu huyu anayechoma kila uzi, safari hii mmoja hakuuchoma. Ndiyo maana leo hasemeki.

Mpwa wake, ambaye amemlea tangu ana miaka minne, anaolewa Jumamosi ijayo. Shela alimwahidi zamani. Alipofika katikati uzi ulimwishia, naye yuko kitandani na homa, akamtuma bibi harusi mwenyewe dukani. Uzi ukaja na weupe uleule, unene uleule.

"Uzi wa wateja nachoma wote. Wa mwanangu nikaona haya kuuchoma mbele yake, kana kwamba namwita mwongo," anasema. "Haya nyingine bora uikose!"

Aliufuma mpaka ukaisha, na alipopona akamalizia kwa pamba aliyojinunulia mwenyewe, ya mwisho dukani. Juzi akalichemsha shela ling'ae, kama afanyavyo siku zote. Pamba ikajikaza huku na huku, ule uzi wa bibi harusi, kumbe si pamba, haukutikisika. Katikati pakatuna kama shavu la mwenye jino bovu.

Hili ni duka la nne tangu jana. Mwenye duka, kwa kuchoka, anainama na kutoa boksi la chini kabisa. Kiberiti kinawaka tena. Majivu yanapukutika, laini.

"Kumbe unayo! Ulikuwa unamfichia nani?"

Nyumbani, shela limetandazwa kitandani, na mpwa wake anazungushia kibao uzi mpya. Bi Kiberiti anafumua sehemu iliyotuna, safu baada ya safu, akinung'unika kila fundo likigoma. Anakasirikia wenye viwanda, wenye lebo, homa, na zaidi ya wote, yeye mwenyewe.

"Shangazi, acha tu," binti anasema. "Nitalivaa hivyohivyo."

"Na watu wakiuliza nani kalifuma?"

"Nitawaambia ni shangazi yangu."

"Sasa unadhani nafumua kwa nini?"

Binti anacheka, halafu machozi yanamtoka.

"Usinililie kwenye pamba," shangazi anamkaripia, huku naye akipangusa macho kwa mkono wa gauni.

Zimebaki safu arobaini na mbili za kufuma upya, na siku nane. Akimaliza, ana mpango mmoja tu: Jumamosi ataketi mbele kabisa, miwani ya kufumia akiwa ameiacha nyumbani makusudi, asije akaanza kuhesabu mafundo. Siku hiyo anataka kumtazama mtoto.