Bolti Nne za Egemeo

Mtaani walimwita Sentimita, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa seremala kwa miaka thelathini na minne katika karakana moja ya milango na vitanda, mtu wa kupima kila kitu mara tatu, hata mkate. Anauinamia kwanza, anafumba jicho moja, ndipo kisu kinashuka. Mkewe alikuwa akimcheka: "Kata tule, mzee, huo ni mkate, sio ubao." Vidole vyake kumi vyote vilikuwa salama, na kwa mtu aliyekula na kunywa na msumeno wa umeme muda wote huo, hiyo si sifa ndogo. Ukikaa naye dakika kumi lazima akuonyeshe, akuhesabie kimoja kimoja.

Halafu karakana ikafungwa. Mwenye mali alianza kuleta milango iliyokwisha tengenezwa, ile ya kubandikwa ambayo ukiigonga inalia kama boksi, na mafundi wakaambiwa asanteni. Sentimita akarudi nyumbani na sanduku lake la zana begani. Jamani, yule mtu alizimika. Alikaa kwenye stuli mlangoni asubuhi hadi jioni, ananoa patasi zisizokuwa na kazi. Mezani anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Ukimsalimu anaitika, lakini ungeapa anaitika mtu mwingine.

Mwaka huohuo figo za mkewe zikagoma. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ilibidi afikishwe hospitali aunganishwe na mashine ya kusafisha damu kwa saa nne nzima. Akikosa siku moja, miguu inajaa maji. Akikosa mbili, anahema kama mtu aliyekimbizwa. Kwa hiyo katika nyumba ile kulikuwa na jambo moja tu la kuhangaikia: mama afike. Kituo cha basi kilikuwa mbali, na kusimama foleni hawezi. Binti yao, mpiga pasi kwenye duka la dobi, alihangaika huku na kule hadi akapata skuta iliyotumika, akamwomba bosi wake aingie kazini mchana siku hizo tatu. Lakini mama alikuwa amekonda, mgongo hauna nguvu, na kiti cha nyuma cha skuta hakina pa kuegemea. Wiki ya kwanza alisafiri amefungwa kwa shuka na bintiye, kiuno kwa kiuno, akafika hospitali hoi kuliko wagonjwa walioletwa kwa machela.

Binti akanunua egemeo. Lilikuja kwenye boksi: fremu ya chuma, mto mweusi, vyuma viwili vya kukanyagia, bolti nne, nati nne, washa za kila namna, kichupa cha gundi kidogo kama kidole cha mtoto, na karatasi ya maelezo yenye picha.

"Kesho nitapita kwa fundi pikipiki pale kona," alisema. "Dakika chache tu ananifungia."

Sentimita aliinuka kwenye stuli. "Fundi gani? Yule wa kupaka grisi? Mimi nimefunga milango ya shule nzima, hakuna bawaba hata moja iliyowahi kulegea. Leo nishindwe na bolti nne? Ndani ya nyumba yangu?"

"Baba, hiki ni chuma, sio mbao."

"Chuma, mbao, kukaza ni kukaza."

Lingekuwa neno la kurudishwa mdomoni, ningelirudisha mimi mwenyewe. Lakini mkewe, aliyekuwa amelala kwenye kochi, aliinua mkono. Alikuwa anamwangalia mumewe alivyosimama, kifua mbele, macho yamefunguka. Miezi mingi hakuwa amemwona hivyo.

"Mwache baba yako afunge," alisema. Na mama akishasema, binti habishi.

Jumapili asubuhi Sentimita alitandika gunia uani akapanga zana zake. Usidhani alichagua ovyo. Alichagua kwa utaratibu, anachukua hiki, anarudisha kile, ila alichagua kutoka kwenye sanduku la seremala. Bisibisi yenye mpini wa mbao. Koleo. Tupa. Na spana malaya, ile inayopanuka na kujibana ikubali nati za kila saizi, isishike hata moja sawasawa. Binti alikuwa ameazima kwa jirani dereva seti ya spana, kila nati na spana yake, zimepangwa mfukoni kuanzia ndogo hadi kubwa. Sentimita aliutazama mfuko ule, akausogeza kando kwa mguu.

"Rundo lote hili la nini?" alisema. "Mkono wangu unajua."

Karatasi ya maelezo aliifanya kitambaa cha kufutia mikono.

Matundu ya fremu hayakulingana na ya skuta. Yalipishana upana wa kucha tu, na ile karatasi ilikuwa na picha nzima ya kumwonyesha mtu kipande kipi akigeuze ili yakutane. Yeye alishika tupa akayapanua, kama alivyozoea kupanua tundu la kitasa. Nati zilizokuja na boksi zilikuwa na pete ya plastiki ya buluu kwa ndani, haziendi kwa vidole. Akaona mbovu. "Viwanda vya siku hizi!" akasema, akazitupa kwenye ndoo, akachukua nyingine laini kutoka kwenye kopo lake la mabaki. Kichupa cha gundi alikinusa, akapaka tone kwenye kipande cha ubao, akaona haishiki, nacho kikaenda ndooni. Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wote wa karakana yao walilifanya kila siku ya Mungu. Aliomba kipande cha sabuni ya kufulia, akasugua nacho meno ya bolti hadi yakawa meupe. Skrubu ikipakwa sabuni inaingia kwenye mbao ngumu bila kelele, na mbao yenyewe ndiyo inayoibana isirudi. Alikwisha fanya hivyo mara elfu na zaidi. Chuma hakibani bolti namna hiyo, lakini nani angemwambia?

Bolti ziliingia kama zinavutwa. Akazikaza kwa spana malaya, ikamteleza mara mbili, pembe za nati zikaanza kulika, akaendelea tu. Alipomaliza alilishika egemeo kwa mikono miwili, akalitikisa kwa nguvu zake zote, likakaa kimya. Akaita waje waone.

Mama alipandishwa taratibu, akaegemea, akafumba macho.

"Ehee! Kama mkurugenzi," alisema. "Dereva, twende zetu, na kiyoyozi uwashe."

Walicheka wote watatu, hadi mama akakohoa. Siku ile Sentimita alimaliza sahani nzima, akaomba ya pili.

Jumatatu walienda wakarudi salama. Jumatano vilevile. Sentimita alikuwa ameanza kutembea tembea mtaani, amekwisha kubali kurekebisha kabati la jirani, anatania watu. Hata sauti ilirudi.

Ijumaa, kwenye tuta la barabarani karibu na soko la nguo, egemeo lilitoka zima zima pamoja na mto wake. Binti alisikia mgongo wake umekuwa mwepesi ghafla. Alipogeuka, mama yake alikuwa chini, ameangukia nyonga kwenye ukingo wa lami, na lile egemeo liko pembeni yake, miguu juu.

Nyonga ilivunjika. Madaktari wakasema kwa hali ya figo zake na moyo wake hawathubutu kumpasua, alale tu. Skuta tena ikawa haiwezekani. Jirani mwenye pikapu alipopatikana, mama alilazwa nyuma juu ya godoro, analia kila gari linapodunda. Asipopatikana, siku ilipita bila mashine, na mwezi ule zilipita siku tano. Mtaa mzima ulililaani lile tuta. Binti alijilaani yeye na uendeshaji wake. Egemeo hakuna aliyelitaja, na Sentimita naye akanyamaza kama maji mtungini.

Lakini roho ilikuwa inamla. Siku moja asubuhi alilifunga egemeo kwenye gazeti pamoja na bolti mbili zilizookotwa barabarani, akaenda kwa fundi pikipiki pale kona.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nitazamie hiki. Kilichomoka."

Fundi alifungua gazeti, akaigeuza bolti kwenye mwanga, kisha akachukua nati iliyobaki nayo.

"Hii kafunga nani?"

"Kuna fundi mmoja."

"Fundi?" Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kufurahi. "Huyo mtu ni wa kushtakiwa. Tazama, pembe zimelika zote, huyu katumia spana malaya. Hapa kwenye tundu kapitisha tupa, bolti imebaki inacheza. Na huu weupe..." Aliukwangua kwa kucha, akaunusa. "Loo! Sabuni! Mzee, kitu kinachotetemeka kutwa nzima unakipaka sabuni? Si umekiambia toka?"

Akamwonyesha spana yake ndefu ambayo inalia tak nguvu ikishatosha, mtu asikaze kwa kukisia. Akamwonyesha nati yenye pete ya buluu. "Pete hii ndiyo inayoizuia isirudi. Ikiwa ngumu kuzungusha ndiyo nzima. Na kwenye meno ya bolti unaweka gundi yake, tone moja. Vitu vyote huwa vimo kwenye boksi, unaongeza spana ya saizi yake, basi. Kazi ya dakika ishirini." Alifuta mikono. "Aliyekaa hapa aliumia?"

"Aliumia."

"Basi huyo fundi wako mwambie aone aibu."

"Nitamwambia," alisema Sentimita.

Alirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko ili achelewe. Binti alikuwa kazini. Akapiga moyo konde, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mkewe.

"Mama watoto, ni mimi niliyekuangusha," alisema, akamweleza yote, tupa, nati, sabuni, hadi alivyomkana yule fundi ambaye ni yeye mwenyewe.

Mkewe alisikiliza akitazama dari. Miguu yake ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Lilianza kugonga Jumatano, tunarudi. Linagonga hapa mgongoni. Binti akaniuliza, mama, nini hicho? Nikamwambia ni mkoba wangu."

Sentimita alimgeukia. "Kwa nini hukuniambia? Ningelifungua palepale!"

"Ungelifungua, halafu ungerudi kukaa mlangoni." Alipumzika kidogo, maana maneno sasa yalikuwa yanamchosha. "Wewe hujui nilivyoishi na wewe tangu karakana ifungwe, baba watoto. Ulikuwa umeanza kula. Nikasema nivumilie hadi Jumapili, tukiwa wawili nikuambie taratibu. Kumbe Ijumaa haikunisubiri."

Alilia yule mzee, kilio cha sauti, kamasi na machozi pamoja. Mkewe alitafuta mkono wake juu ya shuka akaushika.

"Binti usimwambie," alisema. "Atakuchukia. Na mimi nikiondoka, utabaki na nani? Niahidi."

Akaahidi.

Aliondoka wiki mbili baadaye, Alhamisi mchana, binti yake akiwa anamnywesha maji kwa kijiko.

Watu wa msiba walipokwisha tawanyika, baba na binti wakabaki na rundo la vikombe vya kuazima vya kurudisha. Binti alikuwa anaviosha uani, Sentimita anavifuta. Binti alikuwa hali, halali, macho yameingia ndani. Ghafla akaacha mikono ndani ya maji.

"Baba, mama nimemuua mimi."

"Usiseme hivyo."

"Wewe hujui. Jumatano nilisikia kitu kinagonga nyuma. Nikauliza, akasema mkoba. Nikakubali haraka haraka kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini. Ningesimama dakika moja, dakika moja tu nikaangalia!" Alijipiga kifuani kwa ngumi iliyolowa. "Kila nikifumba macho naisikia ile sauti. Nitaisikia mpaka nife."

Sentimita alikuwa ameahidi. Angekaa kimya, angebaki na mtoto wake, huyu huyu mmoja aliyebaki naye duniani, na mtoto angebaki na ile ngumi kifuani. Aliweka kitambaa chini.

"Hukumuua wewe," alisema. "Nisikilize, na usinikatize."

Akamwambia. Hakujipunguzia hata tone. Alimtajia spana alizozisogeza kwa mguu, nati alizotupa ndooni, sabuni, na karatasi aliyofutia mikono. Akamwambia alivyokwenda kwa fundi na alichoambiwa. Binti alisikiliza akiwa amechuchumaa, maji yanamchuruzika viwikoni. Ilipofika mwisho akauliza swali moja.

"Mama alijua?"

Mungu wangu, swali gani hilo la kumuuliza mtu! Jibu la kweli lingemtua mzee nusu ya mzigo. Lingemwambia pia binti kwamba mama yake alimdanganya kwa mdomo wake, na kwa nini.

"Hakujua," alisema Sentimita. "Na yeye alidhani ni mkoba."

Binti aliinuka, akajifuta mikono kwenye sketi, akaingia ndani. Alitoka na begi la nguo. Siku hizi anaishi kwa mwenzake wa kazini, mitaa mitatu kutoka pale. Kila Jumamosi anakuja, anapika, anafua, anafagia, anaacha chakula kimefunikwa mezani. Akiingia anamwamkia, shikamoo mzee, kama anavyomwamkia mzee yeyote njiani. Neno baba tangu siku ile halijamtoka mdomoni, na Sentimita hajaliomba.