Digna na Pikipiki Isiyokula Mafuta

Kama kuna mtu Digna alimdharau kuliko fundi mzembe, ni fundi mzembe mwenye maneno mengi. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza pikipiki pale Majengo, Moshi mjini, na kila asubuhi aliteremka kutoka kwao Uru akiwa amejifunga kitambaa kichwani, ovaroli imekunjwa kwapani. Waendesha bodaboda waliuogopa ulimi wake, lakini waliufuata mkono wake. Akishaisikiliza injini kidogo tu humtazama mwenye nayo kuanzia viatu hadi kofia, kisha humuuliza, "Hii unaendesha au unaiadhibu?" Mwenye nayo hutoa ufunguo tu, kwa kuwa anajua akijibu ataongezewa.

Aliyemkata vidole hakuwa mtu mwingine ila yeye mwenyewe. Ilikuwa Jumanne, mchana kweupe. Alikuwa anafuta cheni kwa tambara huku injini inanguruma na gia imeingia, jambo ambalo alikuwa amewakataza wengine tangu siku ya kwanza aliposhika spana. Cheni ililidaka tambara, tambara likauvuta mkono wa kulia, na vidole viwili vikaingia kwenye meno ya sproketi, gurudumu linalozungusha cheni. Kabla hata hajasikia maumivu, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mjinga gani huyu?"

Madaktari walimshona kano za kidole cha shahada. Cha kati kilipoteza ncha. Walipomfungua bandeji, vidole vyote viwili vilikuwa vimesimama kama vijiti, havikunjiki wala havishiki, na Digna akavitazama kwa dharau ileile aliyozoea kuwatazamia wateja.

Akarudi Uru kwa mama yake, kwenye nyumba iliyo katikati ya migomba. Mama alimpikia mtori wa ndizi mshare kila siku kana kwamba binti amejifungua, na wageni walikuja kweli kama wanaokuja kuona mtoto. Walikaa sebuleni, wakatikisa vichwa, wakasema Mungu ana makusudi yake.

"Huyo aliyekusudia," Digna alimjibu jirani mmoja, "si angekuja asubuhi anifunge vifungo vya blauzi?"

"Digna!" mama akamkemea.

"Mama, namuuliza tu."

Mara mbili kwa wiki alishuka hospitali kwa mazoezi ya mkono. Aliyemfanyisha ni binti mmoja mwembamba aitwaye Beatrice, mpole wa sauti lakini mgumu kama kisiki cha mbuni. Siku ya kwanza Beatrice alimmwagia maharage mezani.

"Dada Digna, okota moja moja, utie kwenye kikombe. Mkono wa kulia."

"Mimi ni kuku?"

"Kuku angekuwa ameshamaliza," Beatrice akasema, bila kuinua macho.

Jibu hilo lilimpendeza Digna, ila hakuonyesha. Aliokota maharage manne kwa dakika kumi, jasho likimtoka, akakisukuma kikombe kando. Alifanya hivyo wiki tatu. Nyumbani hakufanya lolote. Alimwambia Beatrice anafanya, na Beatrice akavikunja vidole vile kidogo, akavisikia vilivyo vigumu, akajua anadanganywa.

"Kazi ya nyumbani huipendi," Beatrice akasema. "Basi jitafutie mwenyewe kazi. Chochote chenye vitu vidogo vidogo. Lakini ufanye."

Kazi hiyo ililetwa na Faustin, mdogo wake Digna, ambaye ni mwongoza wageni mlimani. Miezi mingi nyuma Mjerumani mmoja aliyempandisha hadi kileleni alimwachia zawadi ya boksi, kwa kuwa Faustin alikuwa amemsimulia njia nzima juu ya dada yake fundi pikipiki. Faustin aliona haya kulileta. Alijua litapokelewa vipi, na hakukosea.

Juu ya boksi palikuwa na picha ya pikipiki nyekundu ya mashindano, imelala kwenye kona. Ndani mlikuwa na fremu za plastiki, kila fremu imeshika vipande kama mti ulivyoshika matunda: tangi jekundu, injini ya kijivu, ekzosi nyeusi, vioo visivyozidi ukucha wa mtoto. Vipande vyote vilitoka kiwandani na rangi zake. Havikuhitaji brashi wala gundi. Unakata, unasafisha ncha, unabana kimoja ndani ya kingine kwa kufuata namba za kwenye karatasi. Ikimalizika inakuwa na urefu wa kiganja.

Digna alishika fremu moja kwa mkono wa kushoto, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hata rangi wameshapaka," akasema. "Mjerumani mzima anakaa kitako kujenga pikipiki iliyokwisha kujengwa. Halafu anapanda na mlima. Hao watu hawana mashamba?"

"Dada, ni burudani."

"Hii ingefika hapa Uru mwezi wa nne? Ingelala kwenye tope pale darajani, na mwenyewe juu yake."

Lakini Faustin alipotaka kulifunga boksi, alimwambia aliache.

Alianza kesho yake barazani, ili apate cha kumsimanga Mjerumani kwa ushahidi. Alitandika kitambaa cheupe, akaweka koleo dogo la kukatia waya, wembe, na kibano cha nyusi cha mama. Karatasi ya maelekezo aliisoma mara moja na kuiona inafaa watu wasiojua kitu. Kisha alikata kipande cha kwanza, nusu ya injini, kikamponyoka, kikarukia kwenye maua. Alikitafuta robo saa akiwa amepiga magoti. Siku hiyo alibana vipande vitatu. Vidole vilivimba.

Siku zilizofuata aliendelea kutukana na kujenga, kujenga na kutukana. Alimtukana aliyechora karatasi kwa kuonyesha mshale uliopinda. Aliitukana cheni, maana ilikuwa kipande kimoja cha plastiki kisicho na kiungo hata kimoja. "Cheni gani haina pini? Hii ni picha ya cheni!" Mama alipita na ndoo ya maziwa, akasikiliza, akaenda zake. Ila alichokiona mama, na Digna hakukisema, ni kwamba kile kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kupinda kidogo, kisha zaidi kidogo, kila kilipotafuta kitu cha kutukanwa.

Wiki ya tano ya kuijenga alikuja Praygod.

Praygod alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, ambaye Digna alimfundisha kazi tangu hajui kutofautisha plagi na nati. Sasa alikuwa amekalia kigoda cha Digna pale Majengo na kuwahudumia wateja wake. Alipanda Uru na mkate, sukari, na uso wa msibani.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama yake Digna, kisha akaketi. "Pole sana dada. Huko kijiweni wote tunakuombea. Lakini labda ni heri upumzike sasa. Ile kazi, tuseme ukweli, haikuwa ya mwanamke."

"Hiyo pikipiki uliyokuja nayo, nani ameikaza cheni?"

"Mimi."

"Nimeisikia tangu kule kanisani. Umeikaza kama kamba ya mbuzi wa Krismasi. Itakatika huko Mabogini, na mteja atasukuma hadi mjini akikulaani."

Praygod akacheka kwa haya, akatafuta pa kuweka macho, akakiona kile kitu juu ya kitambaa. Kilikuwa karibu kukamilika. Injini ilikuwa imekaa, tangi limepanda, magurudumu yapo. Kilichobaki ni vimirija vya mpira vya breki, vyembamba kama uzi wa kushonea viatu, ambavyo kila kimoja huvishwa juu ya kijipini chenye unene wa sindano.

"Unacheza vya watoto, dada?"

"Vya watoto, ndiyo. Visha mrija huo."

Praygod alinawa mikono yake kwa kuifuta kwenye suruali, akashika mrija. Vidole vyake vilikuwa vinene na vyenye haraka. Alisukuma, ukateleza. Akasukuma tena, ukapinda. Mara ya tatu aliutia nguvu aliyozoea kutia kwenye kila kitu, na mkono wa breki, ule mkono wenyewe mwekundu, ukakatika tap! ukaangukia chini.

"Kasoro ya kiwandani," akasema Praygod.

Digna alikuwa ameshapiga magoti. Alikiokota kile kipande, kidogo kuliko punje ya mchele, akakisogeza karibu na jicho kuona kimevunjikia wapi, akiwa na hasira ambayo hakuielewa. Wiki tano alikuwa anakiita takataka. Sasa angeweza kumpiga mtu kwa ajili yake.

"Digna," mama akaita kutoka mlangoni. "Umekiokota na mkono gani?"

Digna akatazama. Kile kipande kilikuwa kati ya dole gumba na shahada ya mkono wa kulia.

"Mkono ni mkono tu, mama," akasema, akakilaza kipande juu ya kitambaa. Kisha akamgeukia Praygod. "Na wewe unaangalia nini? Lete huo mrija."

Aliutwaa, akautia mate kidogo kwenye ncha, akaulaza juu ya kijipini, akauzungusha taratibu hadi ukaingia wenyewe. Ilimchukua muda. Praygod alisubiri, mikono mgongoni, na hilo peke yake Digna alilihesabu kuwa somo la kwanza ambalo huyo amelielewa tangu wajuane. Mkono wa breki aliubandika jioni kwa gundi ya viatu. Kovu lake lilionekana, naye hakulificha.

Vidole havikurudi vyote. Beatrice alimwambia wazi siku ya kumwachia: cha shahada kitakunjika robo tatu tu, cha kati kitabaki kilivyo, na asijaribu kukaza bolti kubwa. Akaomba picha ya ile pikipiki awaonyeshe wagonjwa wengine.

"Waonyeshe," Digna akasema. "Lakini uwaambie ukweli, kwamba ni upuuzi mtupu."

"Nitawaambia umeumaliza."

Mwezi wa tisa alirudi Majengo. Praygod alisimama kutoka kwenye kigoda bila kuambiwa, jambo lililomwokoa na mengi. Tangu hapo Digna hashiki cheni wala ekseli. Anashika kabureta tu: anaifungua, anazibua vitundu ambavyo macho ya wengine hayavioni, anapima sindano yake kwa ncha za vidole, anafunga. Wapo wanaotoka Holili na injini zinazokohoa, wakipita mafundi wengi njiani. Bolti nzito anamsukumia Praygod kwa kidevu, na akikaza kupita kiasi anamwita arudie, mbele ya watu.

Juzi kijana mmoja wa bodaboda, mgeni pale, aliuona ule mkono ukiwa umeinamia kabureta yake, akaguna.

"Mama, na vidole hivyo utaweza kweli?"

Digna hakuinua kichwa. "Wewe una kumi vizima," akasema, "na bado umeniletea pikipiki inayokunywa maji badala ya mafuta. Kaa pale, unanizibia mwanga."