Siku Draiva Yangu Ilijibu Mahali Pasipo na Mtu

Hii stori nimekuwa nikiikwepa hata nyumbani, maana aibu yake haijaisha, lakini wacha niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Thika ikiwa imeongezwa chumvi.

Kazi yangu ni kuandika draiva (si za lori, mama yangu huko Witeithie bado hajaelewa), yaani programu zinazowezesha kompyuta kuongea na kadi iliyochomekwa ndani yake. Kampuni moja ya maji ilitaka ofisi yake ya Thika iongee na pampu ya Kalimoni kupitia kadi za siriali, zile ambazo data hupita biti moja moja huku pande zote mbili zikifuata mapigo ya saa ile ile. Nikaipanga draiva kwa matabaka: la chini linashika kadi, la katikati linapanga ujumbe, la juu linamwonyesha mtu ujumbe huo kwa skrini. Uzuri wake ni kwamba la juu halijui kilicho chini, linaamini tu linachopewa. Niliupenda huo mpango mpaka nikauchora kwa ukuta wa nyumba yangu Ruiru.

Sasa, laini ya Kalimoni ilikuwa inapotea nikiwa katikati ya majaribio, nikachoka kungoja, nikaamua kitu kidogo tu: kadi ikinyamaza, tabaka la chini litoe ujumbe mmoja wa zamani niliouhifadhi, ndio matabaka ya juu yaendelee na kazi. Ulikuwa wa mzee Njoroge aliyechunga pampu, ambaye kila asubuhi akifika aliandika kwa mashine ya huko, "Nimefika. Maji iko sawa. Njoroge." Nikasema nitautoa baadaye. Kisha mzee akaugua, akafa, tukamzika, na mimi nikasahau.

Siku ya kuonyesha kazi meneja akajaza chumba: wakubwa, wafanyakazi, na Wanjiru, binti wa mzee Njoroge, anayekaa hapo mapokezi. Fundi wetu Kioko alikuwa Kalimoni kuwasha mashine ya upande ule, na simu yake tumeiweka kwa spika. Nikafungua programu, na skrini ikaandika:

Nimefika. Maji iko sawa. Njoroge.

Nikainamia simu.

"Kioko, umeshawasha?" nikauliza.

"Bado, madam. Niko nje hapa, hii kufuli imeshika kutu."

"Basi ni nani yuko ndani?" meneja akasema polepole.

Kioko alimsikia. Tukasikia mabua ya shamba la mahindi yakivunjika kama yanayokanyagwa na mtu anayekimbia, simu ikaanguka, ikabaki sauti ya upepo. Nikaandika, "Wewe ni nani?" Likaja jibu lile lile, na mwisho wake, Njoroge.

Mimi ambaye humcheka mama kwa maombi yake, nikajipata nimeshika mkono wa meneja nikisema Baba Yetu kwa Kikuyu, kwa sauti, mbele ya wakubwa wote. Wanjiru akaja, akakaa kwa kiti changu, akaandika kwa kidole kimoja: "Baba, ni mimi." Nimefika. Maji iko sawa. Njoroge. Akafuta macho, akaandika tena: "Huko kuna baridi?" Nimefika. Maji iko sawa. Njoroge.

Hapo ndipo nilikumbuka.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi nilimweka hapo."

Nikaeleza, maneno yakigongana, na meneja akauchomoa mkono wake kutoka kwa wangu taratibu. Kwa spika tukaanza kusikia akina mama wakiimba pambio: kumbe Kioko alikuwa amerudi na majirani kuombea pampu. Mtu mmoja nyuma akacheka. Wanjiru hakucheka.

"Kwa hivyo sikuwa naongea na mtu."

"Hapana, dada. Pole."

Akainuka, akanyoosha sketi yake, akarudi mapokezi, na tukamsikia akimwambia mteja, "Karibu, nikusaidie aje?"

Tangu siku hiyo, kadi ikinyamaza, tabaka la chini kwa kila draiva yangu linasema wazi kwamba hakuna mtu, na la juu linaonyesha hivyo hivyo, na kwa majaribio sitaweka tena jina lingine isipokuwa langu. Wanjiru hunisalimia vizuri tu nikienda pale. Ni vile akipita karibu na hiyo kompyuta hupunguza mwendo, na mimi najifanya natafuta kitu kwa begi.