Babu wa Juu ya Kabati

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba ukipita mbele ya fuvu la mtu wa kale bila kulisalimia, taya lako linajifunga. Aliyeniambia ni Mama Chiku, mpishi wa shule yetu ya huku Mvumi, na wiki hiyo shavu lake lilikuwa limevimba kama boga. Ushahidi gani mwingine ningetaka, mimi msomi wa masomo ya jioni?

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kutunza maabara. Juu ya kabati kulikuwa na fuvu lenye meno marefu kama misumari ya bati. Nikajisemea, kumbe wazee wetu walitafuna nyama kweli kweli. Basi kila asubuhi nikawa naliinamia: "Shikamoo, babu."

Siku mkuu wa shule alipomleta mkaguzi, mzee wa mvi tupu, aamue kama niajiriwe, nilimpokea mlangoni kama balozi.

"Mheshimiwa, msalimie babu kwanza, tusije tukakukimbiza hospitali na taya."

Mkaguzi, mtu wa adabu zake, akavua kofia mbele ya kabati. "Shikamoo, babu."

Nikaona aibu mgeni aachwe bila jibu, nikaitikia mimi kwa niaba ya fuvu: "Marahaba, mjukuu wangu."

Mkuu wa shule akatazama sakafu. Ndipo Mwalimu Neema wa baiolojia akanisogelea, akasema taratibu, "Kaka Yona, hilo ni fuvu la nyani, tena la plastiki. Watu wa kale bado wamo kwenye boksi, hatujalifungua."