Nyumba Zilizofungwa za Larole

Ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo, mwanangu, na kila nikiona vijana wa kwetu wanafunga mabegi kwenda kutafuta maisha Kitale, Eldoret au Nairobi, ndiyo inayonijia kwanza. Haikuwa Jumapili ya hapa. Ilikuwa ya Ufaransa, katika kijiji kidogo ambacho hata Wafaransa wengi hawakijui. Kaa kidogo nikueleze. Gari halitakuacha, na likikuacha, lipo lingine.

Unaniona hivi, padri mzee wa parokia ndogo ya Kiminini, magoti yananiuma nikipanda altare. Wakati ule nilikuwa kijana, sijakaa sana tangu nipewe upadri. Askofu aliniita akaniambia kwamba kule Ufaransa makanisa yapo kila mahali lakini mapadri wamekwisha, na wameomba watu kutoka kwetu. Mama yangu aliposikia alicheka sana. Alisema wazungu ndio walioleta dini hii kwa babu zake, sasa imekuwaje waje kuiazima? Lakini alifurahi. Ukoo wote wa ng'ambo ya mto, nyuma ya Kamukuywa, ulikuja kunisindikiza, na wote tulidhani nakwenda Paris.

Kumbe nilikuwa nakwenda Larole. Jina lenyewe lilinitesa. Mimi ni mtu wa Bungoma, na kwetu l na r ni ndugu wa tumbo moja. Nilisema Ralole, nikasema Lalore, mpaka mama mmoja wa kanisani akanihurumia, akaniambia niseme tu "kijijini" na watu wataelewa.

Kijiji hicho kimekaa bondeni, mahali vijito viwili vinapokutana. Upande wa juu kuna msitu mzito, na upande wa chini kuna mashamba ya ngano na alizeti, hata ukisimama pale mwezi wa saba unaweza kudhani uko Trans-Nzoia. Nyumba ni za mawe, na mapaa pia ni ya mawe meusi membamba. Katikati lipo kanisa, la zamani kiasi kwamba hakuna anayejua ni nani aliyeweka jiwe lake la kwanza. Mbele ya kanisa ipo nguzo iliyochongwa majina ya vijana wa kijiji waliokufa vitani. Siku yangu ya kwanza niliyasoma nikidhani ni ya wilaya nzima. Yalikuwa mengi kuliko watu wote niliokuja kuwaona hai pale. Na kando ya kijito lipo birika kubwa la mawe lenye paa, ambapo akina mama wa zamani walikuwa wakifua nguo pamoja. Maji yalikuwa bado yanapita, safi kabisa. Hakuna aliyekuwa akifua.

Watu hawakuwepo, mwanangu. Shule ilikuwa imefungwa na kugeuzwa stoo ya viti. Duka lilikuwa limefungwa. Mkate uliletwa na gari dogo lililopiga honi, na wazee wakatoka mmoja mmoja na slipa zao, wakanunua, wakarudi ndani. Meya, maana huko hata kijiji kidogo kina meya wake, alikuwa mfugaji, na ukimtaka asubuhi unamfuata zizini anakokamua. Vijana wote walikuwa wameenda mijini. Mwezi wa nane walirudi na watoto wao, wakafungua madirisha, wakachoma nyama uani, wakacheka kwa sauti. Halafu madirisha yakafungwa tena, na kijiji kikanyamaza.

Mimi nilipewa nyumba ya mapadri iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi, nikakaa humo peke yangu. Nilizaliwa katika nyumba ambayo huwezi kula kiazi bila mkono mwingine kuingia kwenye sahani yako. Kule nilisonga ugali, nikaugeuza kwenye sahani, kisha nikaketi kuutazama. Kuna siku nilisema Kibukusu kwa sauti kubwa jikoni, nikijiuliza na kujijibu, ili tu masikio yangu yasisahau. Nilianza kuwapigia simu wakubwa wangu wa kule, nikiomba wanihamishie mjini, mahali ambapo ningekutana na Waafrika wenzangu.

Aliyekuwa na ufunguo wa kanisa ni mjane mmoja aliyeitwa Odette. Alikuwa mzee sana, mfupi, amevaa koti la kijivu majira yote. Yeye ndiye aliyefungua mlango, akawasha mishumaa, akavuta kamba ya kengele. Mtoto wake wa pekee alikuwa akifanya kazi katika mji wa mbali. Miezi ya mwanzo hatukuongea mengi, maana Kifaransa changu kilikuwa cha darasani na chake kilikuwa cha zizini.

Sasa, Jumapili ile theluji ilianguka. Nilikuwa nahudumia vijiji vingi, nikitoka hiki nakimbilia kile, na nilipofika Larole nimechoka na vidole vimekufa ganzi, nilimkuta Odette peke yake kwenye benchi la mbele. Tulingoja. Hakuja mtu. Nikamwambia kwa adabu kwamba, kwa kuwa watu hawakuja, tusali Baba Yetu pamoja, kisha kila mtu arudi nyumbani kwenye moto wake.

Hakuinuka. Alinitazama tu, kisha akaniambia polepole ili nielewe:

"Padri, kwani mimi si watu?"

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenikaripia. Nilirudi sakristia, nikavaa, nikaadhimisha misa nzima kwa ajili ya mtu mmoja. Aliitikia kila mahali palipotakiwa kuitikiwa. Aliimba nyimbo zote, beti zote, kwa sauti nyembamba iliyogonga kwenye mawe na kumrudia mwenyewe. Nikashukuru kwamba padri anaruhusiwa kufumba macho akisali, maana yangu yalikuwa yamejaa machozi.

Tulipomaliza, alichukua fimbo yake akaniambia nimfuate. Alinipitisha kijiji kizima katika theluji ile, nyumba kwa nyumba. Hapa alikaa seremala aliyetengeneza vitanda vya harusi na majeneza pia, na watu walimtania kwamba mbao zote zinatoka kwenye gogo moja. Hapa walikaa mapacha, kina dada wasioolewa, waliogombana kwa sababu ya bata na wakakaa bila kusemezana mpaka mmoja alipougua, ndipo mwingine akampelekea supu. Hapa alikaa mwalimu aliyepanda mti uliosimama mbele ya shule. Na kwenye birika la kufulia alisimama zaidi. Pale ndipo alipoletewa habari kwamba kaka yake hatarudi kutoka vitani. Alikuwa msichana, mikono yake ilikuwa ndani ya maji, na akina mama wote waliacha kufua.

Tuliishia kwake. Akapasha supu ya viazi, akaniuliza kwetu kukoje. Moyo wangu ukafunguka. Nilimweleza habari za Mlima Elgon, jinsi unavyoonekana asubuhi kabla ya mawingu, habari za mto, za chemchemi yetu chini ya mwamba, za nani na nani waliokaa kwenye mteremko wetu. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Kisha akauliza sasa hivi nani anaishi kwenye nyumba hizo. Nikaanza kutaja majina, na nilipokuwa nikiyataja nikagundua kuwa nataja watu wa utotoni mwangu. Nilikwenda seminari nikiwa mdogo sana. Akauliza tena, "Na mama yako, anakaa na nani?"

Nikataka kusema anakaa na watoto wake. Lakini dada zangu walikuwa wameolewa, ndugu yangu Wanjala alikuwa amekufa, na wengine walikuwa wamehamia Kitale. Nilikunywa supu.

Siku iliyofuata nilipiga simu kwa jirani yetu mmoja, akampelekea mama simu azungumze nami. Aliniambia yuko sawa, anakula, analala, ng'ombe amezaa. Nikamuuliza kama hajisikii mpweke. Akasema, "Jioni nawasha taa ya jikoni na ya sebuleni, zote, baba. Mtu akipita barabarani aseme watu wapo."

Sikulala vizuri baada ya hapo.

Tangu siku hiyo sikuomba tena kuhamishiwa mjini. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kwa Odette, naye akanipa kijiji chake kidogo kidogo: nani alimwoa nani, daraja lilibomoka lini, kwa nini njia ya msituni inaitwa njia ya mkunga. Theluji iliyeyuka, maua yakatoka. Asubuhi moja gari la mkate lilipiga honi na yeye hakutoka. Mwenye gari ndiye aliyekwenda kumwangalia. Alikuwa amekufa kitandani mwake, ametulia.

Mtoto wake alikuja kwa mazishi, mtu mzima mwenye mvi, na watoto wake wakubwa. Nilimzika mama yake. Baadaye nilimwona amesimama barabarani anageuka huku na huku, kisha akaja kuniuliza, kwa aibu, kama najua ni nyumba ipi alimozaliwa nyanya yake. Mwanangu, hebu fikiria. Mimi mtu wa Kamukuywa ndiye niliyemtembeza Mfaransa yule katika kijiji cha mama yake, nyumba kwa nyumba, nikimweleza habari za seremala na mapacha na mwalimu. Tulipofika kwenye birika nikamwambia yaliyompata mama yake pale. Hakuwahi kuyasikia. Alilia, na watoto wake wakasogea pembeni kwa heshima.

Akaniuliza nimeyajuaje yote hayo. Nikamwambia ni mama yake aliyenionyesha.

"Mimi hakuwahi kunionyesha," akasema. Kisha akafikiri, akajisahihisha mwenyewe: "Sikuwahi kukaa."

Nikaomba kurudi nyumbani. Mambo ya kanisa hayaendi haraka, lazima mwingine apatikane, na huku na kule yakapita majira kadhaa. Nilipofika Kamukuywa nilishuka mteremko nikikimbia kama mtoto. Mama alikuwa ameketi nje ya mlango, amevaa vizuri, ametiwa mafuta. Alinipokea kwa furaha kubwa. Aliniita Wanjala.

Nilidhani ni uchovu. Haukuwa uchovu. Mama alikuwa amepoteza kumbukumbu, na dada yangu alikuwa amenificha habari hiyo ili nisihangaike kule mbali. Nilikaa na mama kila nilipoweza, nikamuuliza niliyokuwa nimeyabeba kutoka Ulaya: nani alichimba chemchemi yetu, babu alizikwa wapi kabla shamba halijagawanywa, ni kwa nini ukoo wetu ulivuka mto. Alinisikiliza kwa makini, kisha akanishika mkono, akanituliza.

"Utamuuliza mama," akaniambia. "Akirudi kutoka sokoni."

Mama yake alikuwa amekufa kabla mimi sijazaliwa.

Mama yangu alikufa wakati wa mvua ndefu. Sasa siku yangu ya mapumziko naondoka hapa Kiminini nashuka hadi kwetu. Nyumba nyingi kwenye mteremko zina kufuli. Wenyewe wako Kitale na Nairobi, wanakuja Krismasi, wanachinja, wanapiga muziki, wanaondoka. Nafanya ninavyoweza. Nilimfuata mzee mmoja huko Matulo aliyemwoa shangazi yangu, akaniambia kwamba chemchemi yetu haikuchimbwa na mtu, ilifunuliwa na ng'ombe aliyepiga kwato wakati wa kiangazi, na kwamba ng'ombe huyo alikuwa na jina. Jina alilisahau. Nilifurahi na hicho kidogo, nikarudi nacho nyumbani, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Huo ndio upweke wangu, mwanangu. Watu ninao, kila Jumapili kanisa hili linajaa. Lakini Larole nakijua nyumba kwa nyumba, hata leo ningekutembeza nimefumba macho, na kwetu nilikozaliwa natembea kama mgeni. Wale wa kuniambia walikuwepo miaka yote, na kila mwaka nilidhani wataendelea kuwepo.

Basi sikukatazi kwenda. Nenda, kijana lazima atafute. Lakini usiondoke kwenye mteremko wenu hujaujua. Nyanya yako bado ana akili zake na meno yake. Weka begi chini, ukae naye mchana wa leo, akuonyeshe mipaka, akutajie waliolala pale migombani, akueleze mambo ambayo wewe unayaona ya kawaida. Usingoje likizo, na usingoje matanga, maana matangani kila mtu anazungumza isipokuwa yule uliyetaka kumsikia. Ukifika huko mjini mpigie, na usimuulize tu kama amekula. Muulize jambo, umwache ajibu mpaka amalize. Na siku ukiwa na watoto, walete wakae, si wapite tu. Mtu mmoja akibaki nyumbani, hapo bado ni nyumbani, na anastahili kupewa muda wako wote kama ungempa kijiji kizima.

Mungu akutangulie barabarani. Akupe kazi ya halali na majirani wanaolijua jina lako. Akuepushe na ile haraka inayomfanya mtu kusema kesho, kesho. Akutunzie wazee wako mpaka uwe umeyasikia yote waliyonayo, na siku utakaporudi ukute mtu anayekutambua kwa mwendo kabla hujafika langoni. Mulembe, mwanangu. Nenda kwa amani, urudi kwa amani.