Vyeo vya Nusura na Kiti cha Tajudin

Siku ya kwanza Tajudin alipofika mapokezi ya lile shirika la serikali la kugawa sukari, sabuni na tairi mjini Kampala, alimwambia binti wa mezani kwamba meneja ni nduguye, mama mmoja.

"Karibu, Hajji," akasema Nusura bila kuinua macho kwenye daftari la wageni. "Wewe ni wa sita leo. Mama huyo anastahili medali. Kaa benchini na ndugu zako."

Akakaa, tangu saa tatu mpaka saa saba. Tajudin alianza maisha kwa kuuza sindano moja moja, na hakuwahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote. Saa zile nne alizitumia kumkagua Nusura kama anavyokagua bidhaa. Simu mbili zikilia pamoja, hababaiki. Mganda anajibiwa Kiganda, mwanajeshi Kiswahili cha kambini, Mkongo chake. Wengi waliondoka mikono mitupu, lakini hakuna aliyeondoka akinuna.

Mtu wa namna hiyo ndiye Tajudin aliyemkosa dukani kwake. Duka lake la vipuri vya baiskeli lilikuwa ng'ambo ya barabara, na kila alipokwenda kutafuta mali alilifunga. Mwezi uliopita Katembo, mnunuzi wake mkubwa kutoka Kongo, alikuta kufuli, akaenda kununua kwa jirani. Angerudi Ijumaa. Akikuta kufuli mara ya pili, basi tena.

Jumatatu Tajudin akanunua kiti cha kuzunguka, cha ngozi nyekundu, akakiweka nyuma ya kaunta yake, kisha akavuka barabara.

"Binti yangu, hapa wanakulipa ngapi?"

"Mia tatu na themanini."

"Kwa mwezi?"

"Ingekuwa kwa mwaka, Hajji, ungekuwa unaongea na marehemu."

"Mimi natoa mia sita. Na kiti kinachozunguka."

Kabla hajajibiwa, mlango wa meneja ukafunguka. Meneja alikuwa sajenti meja aliyetolewa kambini kuja kuongoza shirika, naye aliliongoza kama kambi. Nusura akasimama wima.

"Afande, ile habari ya nyongeza ya mshahara."

"Pesa hapana," akasema Afande, akitazama pembeni kwa haya. "Lakini wewe nafanya kazi muzuri. Leo mimi napatia wewe cheo. Wewe sasa Mpokezi Mkuu, Daraja ya Pili."

"Asante, Afande."

Mlango ulipofungwa Tajudin akacheka mpaka akafuta macho. "Cheo hakikorogwi kwenye chai, mwanangu."

"Hapa kinakorogwa." Nusura akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Mfanyakazi wa kawaida, kwa mwezi: sukari nusu kilo. Mkuu wa Daraja la Pili: sukari kilo kumi, sabuni katoni moja. "Huko kwenye magendo ya Kabalagala katoni ya sabuni inakwenda kwa ngapi, Hajji? Wewe ndiye mfanyabiashara."

Tajudin akapiga hesabu kichwani, na kicheko kikamkauka. "Kwa hiyo unaomba vyeo."

"Sijaomba cheo hata siku moja. Naomba pesa. Najua hana, na akininyima anaona haya. Hiki ni cha nne tangu Januari."

"Na ukifika juu kabisa?"

"Juu kabisa ni kiti chake. Nimewaona mameneja watatu kwenye kiti kile, na wawili hawakupata nafasi ya kuaga. Mimi nitaishia Daraja la Kwanza."

Tajudin akapanda hadi mia saba, mia nane. Nusura akawa anapanga kalamu zake. Mwishowe akaelekeza kidole dirishani.

"Mlango wako nauona kutoka hapa. Mgeni wako akikuta kufuli, nitamwita akusubiri kwenye benchi hili. Nawe utanipa tairi tatu kila mwezi."

"Tatu? Kwani wewe una baiskeli?"

"Wachukuzi wa samaki kule ziwani Ggaba wanazo, nao wananunua."

"Moja."

"Tatu, Hajji."

Wakakubaliana mbili. Tajudin akaondoka akiona ameshinda. Alipofika katikati ya barabara akaanza kuhisi kwamba mbili ndizo zilizotakiwa tangu mwanzo.

Ijumaa alirudi saa sita, akakuta duka limefungwa kama alivyoliacha na Katembo yuko benchini kwa Nusura, suti imenyooka, anakunywa chai ya sukari, kitu ambacho Kampala ya mwaka ule wengi walikuwa wamekisahau. Afande mwenyewe ndiye aliyeamuru iletwe. Alipotoka ofisini na kuambiwa kuna mgeni kutoka Kongo, alifurahi kwamba shirika lake sasa linatembelewa na mataifa.

"Kumbe wewe mutu mukubwa," Katembo akamwambia Tajudin. "Karani yako iko kwa serikali." Akanunua tairi sitini bila kubishana, maana na mtu mkubwa hubishani sana.

Jumatatu Nusura akapandishwa Daraja la Kwanza, kwa kuleta wageni wa nje. Mchana akavuka barabara na mchukuzi mmoja.

"Mkuu wa Daraja la Kwanza kukalia kigoda ni aibu kwa shirika, Hajji. Na kile kiti chako naona kinaingia vumbi."

"Kiti kina bei yake."

"Haya, taja." Akageuka kutazama benchi lake ng'ambo. "Katembo alisema anarudi lini vile?"

Tajudin akakitazama kiti. Akamtazama mchukuzi, ambaye tayari alikuwa amekiinua kichwani. Akapiga hesabu ya tairi sitini, akatoa tairi mbili, akatoa kiti, akaona bado anabaki na faida, ila si ile aliyokuwa ameipanga. Akavuta sanduku la spoku, akalikalia kama zamani.